Kuhifadhi Data za Ramani Maktabani Ili Zifunguke Miaka 30 Ijayo: Mwongozo Kamili kwa Wakutubi

"Faili lipo, ila halifunguki."

Ujumbe huu nimeupokea kutoka kwa wakutubi wa Dodoma, Singida na Manyoni mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Kuna siku faili linafunguka vizuri tu, lakini visima vya Bahi vinaonekana vikielea Bahari ya Hindi. Kuna siku ramani inakuja nyeupe pe, na kisanduku kinauliza faili liko wapi kwenye diski D ya kompyuta ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Maktaba imezoea kitabu: ukikipokea, ukakigonga muhuri na kukipanga rafuni, kimehifadhika. Data za ramani hazina jalada linaloshika kurasa zake pamoja. Ziko vipande vipande, na kipande kimoja kikibaki kwenye flashi ya mwenyewe, vingine vyote vinaweza kukosa maana.

Kipimo nitakachokitumia hadi mwisho ni hiki: mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, bila intaneti na bila kumpigia simu aliyeleta data, aweze kuifungua, kujua iko mahali gani duniani na kuelewa kila safuwima ina maana gani.

## Mahitaji

Andaa hivi kabla ya kugusa faili lolote:

- Kompyuta moja yenye antivairasi iliyosasishwa. Si lazima iwe mpya, ila iwe na nafasi ya kutosha.
- UPS. Umeme ukikatika katikati ya kunakili faili kubwa, unaweza kubaki na nusu faili lenye jina la faili zima.
- Diski za nje (eksteno) mbili, zisizo za toleo moja na zisizonunuliwa siku moja. Zilizotoka kiwandani pamoja huwa na tabia ya kufa pamoja.
- Programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure na huja na GDAL ndani yake, yaani zana za kugeuza data za ramani kwa amri za kuandika.
- Programu ndogo ya kufunga vifurushi vya BagIt (tutaviona Hatua ya 7), nayo ya bure.
- Rejista ya mapokezi. Daftari gumu la kaunta linatosha, alimradi liwe na nakala ya kompyuta.
- Mtu mmoja mwenye jukumu hili kwa maandishi, na msaidizi wake. Pasipo jina la mtu, kazi hii hubaki ya wote, na ya wote haina mwenyewe.

Flashi siiweki kwenye orodha. Flashi ni ya kusafirishia.

## Hatua ya 1: Mhoji aliyeleta data kabla hajanyanyuka kitini

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, kwa sababu wanaona aibu kumsumbua mgeni. Afisa wa mipango miji au mtafiti amekuja na data zake mwenyewe, anasema "nimewaletea mzigo," mnasalimiana, anaweka flashi mezani na kuondoka. Mwaka mmoja baadaye amehamishiwa Kigoma.

Mkalishe. Mpe chai ikibidi. Muulize, ukiandika:

1. Data zimekusanywa lini, na kwa njia gani: GPS ya mkononi, kipimo cha mpima, droni, satelaiti, au zimechorwa juu ya ramani ya zamani?
2. Mfumo wa koordineti, yaani namna namba za mahali zinavyosomwa, ni upi?
3. Namba na vifupisho vilivyomo kwenye jedwali vina maana gani?
4. Nani mwenye haki nazo, na nani anaruhusiwa kuziona?
5. Je, hili ndilo toleo la mwisho, au kuna jingine litakuja?

Swali la tano lina uzito kuliko linavyoonekana. Ofisi nyingi zina faili moja la mipaka au la viwanja ambalo husahihishwa juu kwa juu. La leo linalifuta la jana. Ofisi haina kosa, kazi yake ni kujua hali ya sasa. Kazi ya maktaba ni kubaki na la jana. Kwa hiyo kubalianeni tarehe ya kuchukua nakala mpya: kila mwaka kwa viwanja na barabara, na kila mabadiliko kwa mipaka ya utawala. Anayefuatilia takwimu za sensa ya 2002 akatafuta Wilaya ya Chemba hataiona, kwa kuwa wakati huo ilikuwa ndani ya Kondoa. Akikosa mpaka wa zamani, kulinganisha kwake na sensa ya 2022 kutakuwa kubahatisha.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye majibu matano na sahihi ya mtoaji.

## Hatua ya 2: Pokea bila kubadilisha chochote

Skani flashi. Kisha nakili kila kilichomo kwenye folda mpya iitwayo `asili`. Usifungue, usibadilishe majina, usifute hata faili unaloliona halina maana. Lile lenye herufi za ajabu mwishoni huenda ndilo linaloshikilia mfumo wa koordineti.

Baada ya hapo chukua alama ya kidole ya kila faili, yaani SHA-256. Ni mstari wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na maudhui ya faili. Ikibadilika hata baiti moja, mstari wote unakuwa mwingine. Kwenye Windows andika:

`certutil -hashfile visima.dbf SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum visima.dbf`. Chukua alama ya faili lililo kwenye flashi na ya lililo kwenye kompyuta yako, uzilinganishe. Zikilingana, nakala ni kamili. Zisipolingana, nakili upya wakati mgeni bado yupo.

Onyo kuhusu data zinazoletwa kwa WhatsApp au barua pepe: mwambie mtumaji azifunge zote kwenye zipu moja kwanza. Vinginevyo atatuma lile analolijua kwa jina, na mengine manne yatabaki kwake.

## Hatua ya 3: Hesabu wanafamilia

Muundo utakaoletewa zaidi ni shepufaili. Jina linadanganya, kwa sababu si faili moja. Ni kundi lenye jina moja na herufi tofauti za mwisho:

- `.shp` lina maumbo yenyewe: nukta, mistari, maeneo.
- `.shx` ni faharasa ya maumbo hayo.
- `.dbf` ni jedwali la taarifa.
- `.prj` linataja mfumo wa koordineti.
- `.cpg` linasema maandishi yameandikwa kwa usimbaji gani, yaani kompyuta izisome vipi herufi zake.

Matatu ya kwanza ni lazima. La nne kisheria ya muundo si lazima, na hapo ndipo balaa lote la Hatua ya 4 linapoanzia.

Mtego wa pili ni faili la mradi la QGIS, lenye `.qgz` au `.qgs`. Mtu anakuletea hilo pekee akiamini amekupa ramani nzima. Faili la mradi hushika rangi, mpangilio na anwani za mahali data zilipo. Data zenyewe kwa kawaida hazimo. Ni sawa na kupewa menyu ukadhani umepewa ubwabwa. Lipokee, ila dai na leya (tabaka za data) zote lilizozitaja.

Ukikuta folda yenye jina linaloishia na `.gdb`, hiyo ni hifadhidata ya programu za ramani za kampuni ya ESRI. Ni folda, ndiyo, lakini ichukulie kama kitu kimoja: usihamishe wala kubadili jina la chochote ndani yake.

Fungua nakala (siyo `asili`) kwenye QGIS na uangalie majina ya mahali. Sisi wa Dodoma tuna kipimo chetu cha bure: ritifaa. Tafuta Ng'hong'onha au Ng'ambi. Ukiona alama za kiajabu mahali pa ritifaa, usimbaji umesomwa vibaya. Jaribu UTF-8, kisha Windows-1252, hadi jina lisomeke, na uandike ni upi uliofanya kazi.

Utajua umefaulu pale kila leya inapofunguka, idadi ya safu inapolingana na aliyoitaja mtoaji, na Ng'hong'onha inaposomeka Ng'hong'onha.

## Hatua ya 4: Thibitisha data ziko mahali pake duniani

Hapa nitakaa. Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu leo, fanya hii.

Koordineti ni namba tupu. Jozi ya 803,000 na 9,317,000 ni katikati ya Jiji la Dodoma, ikiwa tu unajua inasomwa kwa mfumo gani. Mkoa wetu una matatizo mawili ya kwake katika jambo hili.

Tatizo la kwanza: mkoa uko kwenye kanda mbili. Mfumo wa UTM huigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 kila moja, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaopita ndani ya Mkoa wa Dodoma. Dodoma mjini, Bahi na Kondoa mjini ziko kanda ya 36 Kusini. Mpwapwa mjini na Kongwa mjini ziko kanda ya 37 Kusini. Data za kanda moja zikisomwa kwa kanda nyingine zinaruka nyuzi 6, takriban kilomita 660. Ndiyo maana visima vya Bahi vinaishia baharini, mashariki ya Zanzibar, na shule za Mpwapwa zinahamia pande za Mpanda. Wengine huchagua kanda ya Kaskazini badala ya Kusini kwa haraka ya kubonyeza. Hao Dodoma yao huiona karibu na Ncha ya Kaskazini.

Kosa hili lina heri moja, ni kubwa mno kutoonekana. La pili ndilo baya.

Tatizo la pili: Arc 1960 na WGS 84, misingi miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ramani nyingi za zamani nchini, pamoja na kazi nyingi za upimaji, zimejengwa juu ya Arc 1960. GPS na simu hutumia WGS 84. Ukichanganya mifumo hii, kila kitu kinasogea kwa takriban mita 300. Kwenye karatasi ya ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, jicho linaweza kupita. Ardhini ni viwanja 10 vyenye upana wa mita 30. Kisima kinabaki Dodoma, kinabaki hata kwenye kata yake, ila kiko uani kwa mtu mwingine.

Namba za kuzikariri, kutoka EPSG, orodha ya namba za mifumo ya koordineti inayoeleweka na programu za ramani:

- 21036: Arc 1960, kanda ya 36 Kusini
- 21037: Arc 1960, kanda ya 37 Kusini
- 32736: WGS 84, kanda ya 36 Kusini
- 32737: WGS 84, kanda ya 37 Kusini
- 4326: WGS 84 kwa nyuzi, siyo mita

Ukiona namba kama 35.74 na -6.17, hizo ni nyuzi. Ukiona tarakimu 6 na tarakimu 7, hizo ni mita za UTM.

Namna ya kuthibitisha. Usiamini `.prj` peke yake, kwani kuna watu huibandika ili kelele za programu zikome. Tafuta kwenye data kitu kisichohama: ukuta wa Bwawa la Hombolo, makutano ya barabara ya zamani, reli ya kati. (Reli hiyo iwe ile ya zamani. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikilinganisha na SGR.) Kiweke juu ya picha ya satelaiti au leya unayoiamini. Kikikaa sawasawa, umemaliza. Kikiwa pembeni kwa mita 300 hivi, jaribu mfumo wa pili.

Kuna leya ya mashimo ya maji iliyoletwa kwetu bila `.prj`, na mradi wenyewe ulishafungwa. Nikampigia mpima mstaafu aliyefanya kazi maeneo yale. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsomea namba tatu. Akacheka: "Mwanangu, hiyo Arc. Wakati ule nani alikuwa na GPS?" Simu moja ilitatua nilichokihangaikia siku mbili. Wazee hawa wapo, wapigieni sasa.

Onyo kubwa. Kuna kuvisha lebo na kuna kuhamisha namba, na ni mambo mawili. Data isiyo na `.prj` inavishwa lebo: namba zinabaki zilivyo, unasema tu zinasomwaje. Kwenye GDAL ni `-a_srs EPSG:21036`. Kuhamisha ni kukokotoa namba mpya ili data ya Arc 1960 isomeke kwa WGS 84, nayo ni `-t_srs EPSG:32736`. Ukihamisha pale ulipotakiwa kuvisha lebo, unaiharibu data huku programu ikikupongeza.

Kwa nakala ya hifadhi mimi huvisha lebo tu. Njia za kuhamisha kutoka Arc 1960 zipo zaidi ya moja na usahihi wake hutofautiana, tena si kidogo; anayetaka WGS 84 atajihamishia mwenyewe kutoka namba za awali, kwa njia bora itakayokuwepo siku hiyo.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kwa mkono wako: "Mfumo: EPSG:21036. Umethibitishwa kwa ukuta wa bwawa na makutano mawili, tarehe fulani, na fulani."

## Hatua ya 5: Tengeneza nakala kwa muundo ulio wazi

Folda `asili` inabaki ilivyo milele. Kando yake tengeneza folda `hifadhi` yenye miundo ambayo maelezo yake yamechapishwa hadharani, ili hata kampuni iliyotengeneza programu ikifa, mtu aweze kuandika programu nyingine ya kusoma.

Kwa nukta, mistari na maeneo ninatumia GeoPackage. Ni kiwango cha OGC, shirika la kimataifa la viwango vya data za ramani, kilichotolewa mwaka 2014, kimejengwa juu ya hifadhidata ya SQLite, na kila kitu kinakaa kwenye faili moja. Amri ni hii:

`ogr2ogr -f GPKG bahi_visima_2019-07_t01.gpkg visima.shp -a_srs EPSG:21036`

Kwa nini nisibaki na shepufaili tu? Kwa sababu ina mipaka inayouma. Jina la safuwima haliwezi kuzidi herufi 10, hivyo `idadi_ya_watu` inakuwa `idadi_ya_w`, na `idadi_ya_wanaume` iliyoifuata inakuwa `idadi_ya_1`. Nani atakumbuka? Pia pengo kwenye safuwima ya namba mara nyingi hugeuka sifuri. Kisima ambacho kina chake hakikupimwa kinakuwa kisima chenye kina cha mita 0. Uharibifu huo ukishatokea kabla data hazijakufikia, huwezi kuurudisha. Unaweza kuuandika tu, na uuandike.

Angalia pia jina la faili nililolitumia: eneo, mada, mwaka na mwezi, toleo. Hakuna nafasi wala ritifaa. Na hakuna `visima_final_mwisho_kabisa2`.

Kwa picha za satelaiti, za droni na ramani zilizoskaniwa, tumia GeoTIFF. Ukitaka kubana, bana kwa LZW au DEFLATE, ambazo hazipotezi chochote. JPEG hutupa taarifa ili faili liwe dogo. Kwa picha ya harusi sawa, kwa data ya vipimo hapana. Picha za ECW na MrSID zigeuze mapema, maana zinategemea programu za wenyewe. Jiandae kwa ukubwa: karatasi moja ya A0 ikiskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi hufikia takriban megabaiti 420 kabla ya kubanwa.

Baada ya kugeuza, hesabu safu upya na ufungue vitu 10 kwa kubahatisha, ulinganishe na asili. Usiruke hili kwa sababu programu haikulalamika.

## Hatua ya 6: Andika maelezo ambayo mgeni ataelewa

Kuna kiwango cha kimataifa cha maelezo ya data za ramani, ISO 19115, na QGIS ina sehemu ya kujaza maelezo kwa kila leya. Kitumieni mkiweza. Lakini nimeona maktaba zikikwama miezi kwa kuogopa fomu ndefu, huku data zikikaa bila hata mstari mmoja. Anza na faili la maandishi ya kawaida, `SOMA_KWANZA.txt`, lenye kichwa, aliyekusanya, eneo, mfumo wa koordineti, njia ya ukusanyaji, haki, na tarehe tatu tofauti: data ilipokusanywa, ilipotolewa, na maktaba ilipoipokea. Watu huandika ya tatu peke yake, kisha msomaji anadhani visima vilipimwa mwaka 2024 kumbe ni vya 1998.

Kisha andika kamusi ya safuwima. Hii ndiyo inayotenganisha data na uchafu. Mfano:

- `KINA`: kina cha kisima kwa mita (siyo futi)
- `MAJI`: lita kwa saa, zilizopimwa siku ya kukamilisha uchimbaji
- `HALI`: 1 = kinatoa maji; 2 = pampu mbovu; 3 = kimekauka; 9 = hakikukaguliwa

Bila mstari wa mwisho, mhandisi wa kesho ataona tarakimu 9 na kudhani ni hali nzuri kuliko zote.

Ikiwa ramani ilikuwa na rangi zenye maana, kama vile mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, hifadhi pia mtindo wa rangi na toleo la PDF/A la ramani ilivyoonekana siku ilipoidhinishwa. Wanakijiji walipitisha kile walichokiona mbele yao kwenye mkutano mkuu, na hicho ndicho kitakachogombewa.

## Kabla ya kufunga: kipi hakitakiwi kuonekana na kila mtu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023. Orodha ya viwanja yenye majina na simu za wamiliki, au utafiti wa kaya wenye GPS ya mlango wa kila nyumba, ni taarifa binafsi. Kuhifadhi kwa siri na kuonyesha hadharani ni mambo mawili tofauti. Tengeneza toleo la wasomaji lisilo na majina, na lile kamili liwe na masharti yaliyoandikwa.

Zipo na data zisizomhusu mtu yeyote lakini ni nyeti. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na mapango yake mengine yamejificha. Kutoa koordineti kamili za pango lisilo na mlinzi, katika nchi yenye watu wanaozunguka na sururu wakitafuta mali za Mjerumani, ni kuwaelekeza. Kwa leya kama hizo, toleo la wazi liwe la kata tu.

## Hatua ya 7: Funga kifurushi

BagIt ni utaratibu rahisi wa kufunga folda, uliochapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8493, yaani waraka kwenye mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti. Folda `asili`, `hifadhi` na `SOMA_KWANZA.txt` zinaingia kwenye folda moja, kisha:

`bagit.py --sha256 bahi_visima_2019-07_t01`

Programu itasukuma vyote ndani ya folda iitwayo `data`, na pembeni itaandika orodha ya kila faili na alama yake ya SHA-256. Siku yoyote ukitaka kujua kama kuna kilichobadilika:

`bagit.py --validate bahi_visima_2019-07_t01`

Kabla ya kufunga, hakikisha QGIS imefungwa kabisa. Na hili limewachanganya wengi: kufungua tu GeoPackage kwenye QGIS, hata bila kuhariri, kunaweza kubadili faili, na alama ikakataa. Hujaibiwa. Ulifungua nakala ya hifadhi badala ya nakala ya kusomea. Kila atakayetaka kutumia data apewe kopi pembeni, kifurushi kisiguswe.

## Hatua ya 8: Nakala tatu, sehemu tatu

Ya kwanza kwenye kompyuta au seva ya maktaba. Ya pili kwenye eksteno iliyo jengo jingine. Ya tatu nje ya mji: maktaba rafiki Morogoro au Singida, kwa makubaliano kwamba nanyi mnatunza za kwao.

Eksteno mbili kwenye droo moja ni nakala moja. Mwizi hachagui.

Usitegemee akaunti ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi. Akihama, inahama naye. Na huduma inayosawazisha folda moja kwa moja siyo nakala ya akiba, kwa kuwa ukifuta faili hapa linafutika na kule. Kama maktaba ni ya umma, zungumza na kitengo chenu cha TEHAMA kabla ya kuweka data za serikali kwenye seva yoyote ya nje.

Ukavu wa Dodoma unatusaidia. Hatuna unyevunyevu wa Pwani. Vumbi ndilo adui. Eksteno ikae kwenye kasha lenye mfuniko, mbali na dirisha, na iwashwe angalau mara mbili kwa mwaka.

## Hatua ya 9: Jaribu kila mwaka, kwa mtu asiyejua kitu

Mimi huchagua Juni, wakati mwaka wa fedha unaisha na bajeti ya diski mpya bado inaweza kuingizwa. Eksteno nabadilisha kila baada ya miaka 5 hata kama bado inapiga kazi. Vifurushi vyote vinapitiwa na `--validate`, kwenye nakala zote tatu. Kimoja kikikataa, kinafutwa na kunakiliwa upya kutoka kwa kilichokubali, na rejista inaandikwa.

Halafu linakuja jaribio lenyewe. Mtafute mwanafunzi aliye field, wa UDOM au Chuo cha Mipango, ambaye hajawahi kuona data hizo. Mpe kopi ya kifurushi kimoja, kompyuta isiyo na intaneti na dakika 30. Muulize: data ni za nini, za lini, za wapi, kwa mfumo gani wa koordineti, na `HALI` 9 maana yake nini. Wewe kaa kimya. Kila atakapokugeukia kuuliza, andika alichouliza. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye `SOMA_KWANZA.txt`.

Mwaka wa kwanza niliofanya hivi, binti mmoja alimaliza dakika zote 30 akiwa bado anatafuta kama mita zile zilikuwa za kina au za urefu kutoka usawa wa bahari. Kamusi niliiandika mimi mwenyewe, na safuwima hiyo niliiruka kwa kuiona iko wazi mno. Tuliisahihisha jioni ile ile, tukafunga kifurushi upya kama `t02`, na `t01` tukaiacha ilipo.